Udongo wa Mkuju na Mizizi ya Kuushika

Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua wilayani Namtumbo kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani ya Mto Mkuju, mradi wa kampuni ya Mantra Tanzania iliyo chini ya shirika la Urusi la Rosatom. Namtumbo ilikuwa sehemu ya Songea Vijijini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ni Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ambako mazungumzo juu ya mradi huu yamekuwa yakirudi kila mara: ajira, barabara, mrabaha, soko la mahindi. Udongo hutajwa kwa haraka, na anayeuliza juu yake hupewa jibu la kutuliza, kwamba siku hizi kuna mimea na vijidudu vinavyosafisha ardhi yenye mionzi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limerukwa sehemu kubwa. Elimu ya kusafisha udongo kwa mimea ina historia ya kama miaka sabini, na ukiifuata hatua kwa hatua inaonyesha jambo moja: mmea ni dhaifu sana katika kuiondoa sumu ya urani ardhini, ila ni hodari katika kuizuia isitembee. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua Mkoa wa Ruvuma ufanye nini sasa, kabla shimo kubwa halijachimbwa.

Nchi iliyobaki tupu, 1905 hadi 1982

Mtu akitazama ramani ya Mkuju atadhani pori lile limekuwa halina watu tangu dunia iumbwe. Sivyo. Vita vya Majimaji vilipozimwa, Wajerumani walichoma vyakula na mashamba kote kusini. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906 pamoja na wakuu wengine wa Wangoni, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Palipokuwa na vijiji pakaota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o akaleta malale. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi upande wa Liwale kwa sababu ya malale hayo, na Pori la Akiba la Selous likapanuka juu ya ardhi iliyoachwa. Mwaka 1982 UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Historia hii ina matokeo yake leo: mgodi unapangwa mahali ambapo hakuna mkulima wa kusimama mlangoni mwa mtendaji na kulalamika kwamba shamba lake limeharibika. Wanaopata maji yanayotoka huko wako mbali, kwa kuwa mito ya eneo hilo hushuka kwenda Luwegu, na Luwegu hukutana na Kilombero kuufanya Mto Rufiji.

Chini ya pori hilo kuna miamba ya mchanga ya enzi za Karoo, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200. Urani ya aina hii huletwa na maji. Maji yenye oksijeni huiyeyusha na kuisafirisha katikati ya chembe za mchanga, na yanapofika mahali penye masalia ya mimea iliyooza, pasipo na oksijeni, urani hubadilika, huacha kuyeyuka na kutua. Kanuni hiyo itarudi mara kadhaa katika simulizi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali iliipima nchi kwa ndege zenye vifaa vya kunasa mionzi, na wataalamu wa Kijerumani wakafuatilia dalili zilizoonekana kusini. Bei ilipoporomoka katika miaka ya 1980, pori likaachwa tena.

Mimea iliyoonyesha madini, 1915 hadi 1977

Wazo kwamba mmea na madini ya mionzi vina uhusiano lilianza kwa watu waliotaka kuyapata, wala si kuyaondoa. Katika miaka ya 1950 mwanajiolojia Helen Cannon alizunguka nyanda za juu za Colorado, Marekani, akipima majani ya miti na kuorodhesha magugu yaliyopenda kuota juu ya mashapo ya urani. Baadhi yalikuwa yakifuata seleniamu inayoandamana na urani. Mengine yalikuwa na urani yenyewe ndani yake, kwa kiasi kidogo kilichotosha kumwelekeza mtafutaji. Afrika ya Kati nayo ilikuwa na mimea yake ya kuonyesha njia. Kule Katanga, ambako urani ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915 na baadaye ikatumika kutengeneza bomu la Hiroshima, vilima vya shaba hutambulika kwa mbali: miti hukoma ghafla na kuacha uwanja wa nyasi fupi na maua. Mmoja wa mimea ya huko, Haumaniastrum robertii, ulipopimwa ulikutwa na kobalti iliyokaribia asilimia moja ya uzito wake mkavu.

Mwaka 1977 Robert Brooks na wenzake waliipa mimea ya namna hiyo jina la kitaalamu na kuiweka katika kundi lake. Hapo ndipo matumaini yalipozaliwa. Kama kimmea cha Katanga kinaweza kumeza kobalti kiasi hicho, kwa nini tusipande kingine kimeze urani, tukivune, tukichome na kubaki na majivu machache ya kuzika? Hoja hiyo ilikuwa na mvuto wake, na haikuwa ya kipuuzi. Kasoro yake iko katika kemia. Urani iliyoyeyuka hung'ang'ania kuta za seli za mzizi, tena huungana upesi na fosfati. Tanzania ina ushahidi wake wa urafiki huo: mashapo ya fosfati ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, yaligunduliwa mwaka 1956 na watu waliokuwa wakiitafuta urani kwa ndege, kwa kuwa fosfati ile imeibeba. Kinachotokea Minjingu ndani ya mwamba hutokea pia ndani ya mzizi. Urani ikifika hapo hukwama, na inayopanda hadi majani ni kidogo mno. Anayevuna majani, basi, anaacha karibu mzigo wote ardhini.

Alizeti juu ya maji, 1986 hadi 1998

Ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986 iliwaachia wanasayansi maabara ambayo hakuna aliyeitaka. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti waliokuwa na Ilya Raskin na Slavik Dushenkov walipanda alizeti juu ya vielea katika bwawa dogo karibu na mtambo ulioungua, mizizi ikining'inia majini. Mizizi hiyo ilinasa sesiamu na strontiamu kwa wingi kuliko maji yaliyoizunguka. Huko Ashtabula, Ohio, kwenye kiwanda cha zamani cha kusindika urani, mizizi ya alizeti iliondoa zaidi ya asilimia 95 ya urani majini ndani ya saa 24. Picha za maua ya njano zikasambaa duniani, na kuanzia hapo alizeti ikawa nembo ya usafi wa mionzi.

Kilichosahaulika ni kwamba mafanikio yale yalipatikana ndani ya maji. Majini mzizi hukutana na urani uso kwa uso. Katika udongo urani imeshikwa na mfinyanzi, chuma, fosfati na mboji, na mzizi hupata tu kile kilicholegea. Mwaka 1998 J. W. Huang na wenzake walijaribu kuilegeza kwa nguvu: walimwaga asidi ya sitriki, ile ile iliyomo kwenye ndimu, katika udongo uliopandwa haradali, na urani katika mashina ikapanda kutoka chini ya miligramu 5 kwa kilo hadi zaidi ya 5,000. Ni matokeo ya kushangaza, nami naamini ndiyo sababu ahadi ya mimea imedumu muda mrefu hivyo. Lakini asidi hiyo inapoilegeza urani haijui ipi itamezwa na mzizi na ipi itachukuliwa na mvua kwenda chini. Kwenye chungu cha maabara maji hayaendi popote. Ruvuma mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, tena kwa nguvu, na kuilegeza urani juu ya udongo wa kichanga ni kuisukuma visimani.

Wanaopumua chuma, 1991 hadi 2004

Wakati alizeti ikipata sifa, ugunduzi wenye maana kubwa zaidi ulikuwa umeshatokea pasipo maua. Mwaka 1991 Derek Lovley na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa jamii ya Geobacter, ambao hukaa mahali pasipo na oksijeni na hutumia chuma cha udongoni pale sisi tunapotumia hewa, wanaweza kuitumia urani vilevile. Katika kufanya hivyo huigeuza kutoka hali inayoyeyuka kwenda hali isiyoyeyuka. Hiki ndicho kilichotokea katika miamba ya Karoo kwa mamilioni ya miaka, isipokuwa sasa binadamu aliweza kukiharakisha. Mwaka 2002, mjini Rifle, Colorado, kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha urani, watafiti waliingiza chini ya ardhi aseteti, chumvi ya asidi ile ya siki, iwe chakula cha bakteria hao. Geobacter wakaongezeka, na ndani ya siku kama 50 urani katika maji ya baadhi ya visima vya majaribio ikashuka sana. Kisha chuma rahisi kilipopungua, bakteria wa jamii nyingine wakachukua nafasi na urani ikaanza kurudi. Majaribio ya baadaye yalithibitisha pia kwamba oksijeni ikiingia tena, sehemu ya urani iliyotua huyeyuka upya. Bakteria, kwa hiyo, wanahitaji mtu wa kuwalisha na kuwalinda, na kazi hiyo haina tarehe ya mwisho.

Mchango wa Afrika Mashariki katika sura hii unastahili kujulikana kuliko unavyojulikana. Mwaka 2002 Mrundi Gervais Rufyikiri, akifanya kazi Ubelgiji, alichapisha pamoja na wenzake utafiti kuhusu kuvu wanaoishi ndani ya mizizi ya mimea. Walitumia mizizi ya karoti iliyooteshwa kwenye visahani vilivyogawanywa ili nyuzi za kuvu pekee zivuke upande wenye urani. Nyuzi hizo ziliichukua urani na kuisafirisha hadi kwenye mizizi. Kazi zilizofuata za kundi hilo na la wengine zilionyesha kwamba sehemu kubwa hubaki ndani ya kuvu na mizizi, haipandi majanini. Rufyikiri baadaye aliingia siasa, akawa Rais wa Seneti ya Burundi na kisha Makamu wa Pili wa Rais hadi 2015, na pengine siasa ndiyo iliyofunika jina lake la kisayansi. Kwa anayetaka kuvuna urani kwa majani, matokeo yake ni habari mbaya. Kwa anayetaka urani ikae pale ilipo na majani yabaki salama kwa swala na mbuzi, ni habari njema sana.

Fukushima yaamua, 2011

Mabishano kati ya kuondoa na kushikilia yalipata hakimu Machi 2011. Baada ya ajali ya Fukushima Wajapani wengi walipanda alizeti kwa moyo, wakikumbuka Chernobyl. Wizara ya Kilimo ilipima matokeo katika kijiji cha Iitate na kutangaza mwaka huo huo kwamba alizeti ziliondoa kama sehemu moja tu kati ya 2,000 ya sesiamu iliyokuwamo. Kukwangua sentimita chache za juu za udongo pamoja na nyasi zake kuliondoa hadi asilimia 97. Serikali ikachagua kukwangua, na leo takriban meta za ujazo milioni 14 za udongo zimerundikwa katika miji ya Okuma na Futaba, zikingoja mahali pa kudumu ambapo sheria inataka papatikane kufikia mwaka 2045.

Wapo wanaosema Fukushima ilithibitisha kwamba mimea haina kazi. Hapo sikubaliani nao. Sesiamu ile ilikuwa imeanguka juu tu, ndiyo maana ilikwanguka, na nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 30. Mgodi wa urani huacha kitu kingine kabisa. Urani ikishatolewa, takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa katika mawe hubaki kwenye topesumu, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuchenjuliwa, kwa sababu toriamu na radiamu hazichukuliwi na kiwanda. Nusu ya radiamu hutoweka baada ya miaka 1,600. Mzigo huo hauwezi kukwanguliwa, maana ni mlima, na hakuna mahali pengine pa kuupeleka. Kinachobaki ni kuufunika, kisha kuuzuia usipeperuke wala kusombwa. Wajerumani walilifikia hilo kabla ya Wajapani. Kampuni ya Wismut, iliyochimba zaidi ya tani 200,000 za urani kwa ajili ya Wasovieti, ilifungwa baada ya Ujerumani kuungana, na tangu 1991 dola ya Ujerumani imetumia mabilioni kufunika vilima vya mabaki na kuvipanda nyasi na miti. Karibu na Ronneburg, Chuo Kikuu cha Jena kilitenga kiwanja cha Gessenwiese kwa kujaribu alizeti na nafaka pamoja na vijidudu vya udongo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kujua jinsi ya kupunguza sumu inayochuruzika na maji.

Penga Penga: somo la jirani

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu hauhusu urani, na uko Lubumbashi, mji unaozungumza Kiswahili. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza mwaka 1911 kilimwaga moshi wenye madini juu ya mtaa wa Penga Penga kwa miongo mingi. Miti ya miombo ikafa, udongo ukabaki wazi, na kila msimu vumbi huingia majumbani wakati wa kiangazi na tope hushuka bondeni wakati wa masika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Mylor Shutcha, hawakujaribu kuiondoa shaba. Walichukua nyasi za asili ya Katanga, hasa Microchloa kunthii, kijinyasi kifupi kinachokaa kwa vishungi vilivyobanana, wakachanganya udongo na chokaa na mboji ili kupunguza ukali wa sumu, na kuangalia kama nyasi zitaishi. Ziliishi. Shaba bado imo ardhini mle mle, lakini palipo na nyasi haipandi tena hewani kirahisi. Kwa mama anayepikia uani, hiyo ndiyo nafuu inayohesabika.

Mkuju, 2009 hadi leo

Bei ya urani ilipopanda katika miaka ya 2000, wachimbaji walirudi kusini. Mantra Resources ya Australia iliendeleza utafiti wa shapo liitwalo Nyota hadi iliponunuliwa na Warusi mwaka 2011. Mwaka 2012, katika kikao cha St. Petersburg, Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali kumega takriban hekta 20,000 kutoka Selous kwa ajili ya mgodi. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2013. Lakini Fukushima ilikuwa imeshavunja soko, na kufikia 2017 kazi ilikuwa imesimamishwa. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Miaka hiyo ya kungoja ilikuwa zawadi, kwa maana udongo ulibaki jinsi ulivyo, na bado unaweza kupimwa kabla ya kuguswa.

Kuna pingamizi zinazostahili majibu. Ya kwanza ni kwamba urani imekuwa ardhini Mkuju tangu kale bila kumdhuru mtu, basi hofu ni ya nini. Urani iliyo ndani ya mwamba haifanani na mwamba uliosagwa ukawa unga na kulowekwa asidi. Kusaga kunafungua njia zote ambazo maumbile yalikuwa yameziziba, na upepo wa Julai hauhitaji kibali. Ya pili inatoka kwa wahandisi, nayo ni nzito: mizizi mirefu huweza kutoboa tabaka la mfinyanzi linalofunika topesumu, ikapitisha gesi ya radoni na kuipandisha radiamu juu. Ni kweli, na ndiyo sababu kupanda kiholela miti ya miombo juu ya bwawa la topesumu kutakuwa kosa. Tabaka la juu linataka nyasi zenye mizizi mifupi iliyobanana, na miti ikae pembeni, kwenye miteremko ambako kazi yake ni kuvunja kasi ya maji. Uchaguzi wa nini kipandwe wapi ni kazi ya utafiti wa miaka, hauwezi kuachiwa mwaka wa kufunga mgodi.

Pingamizi ya tatu inahusu njia ya uchimbaji. Mradi umewahi kufikiria kuiyeyusha urani chini kwa chini na kuivuta kwa visima, pasipo shimo wala mlima wa topesumu. Watetezi wake husema kwamba basi mimea haina la kufanya. Pengine mimea haina, ila vijidudu vinalo kubwa. Njia hiyo ni kemia ya Karoo iliyorudishwa nyuma: kiyeyushi hupelekwa ardhini ili urani iliyotua iyeyuke. Ili maji ya chini ya ardhi yarudi salama, ni lazima hali isiyo na oksijeni irejee na bakteria waifunge urani iliyobaki. Rifle ilionyesha kwamba inawezekana, na pia kwamba hairudi yenyewe kwa tarehe ya mkataba.

Yapo pia mambo ya huku ambayo hayatapatikana kwenye vitabu vya Colorado. Namtumbo inalima tumbaku ya moshi. Jani la tumbaku lina vinyweleo vyenye gundi, unavihisi kidoleni ukilichuma, na tangu 1964 imejulikana kwamba moshi wa tumbaku una poloniamu. Vumbi lenye mazao ya radoni, poloniamu ikiwemo, hunaswa na vinyweleo hivyo na kuingia na jani kwenye mabani. Mkoa huu unalima alizeti ya mafuta pia, na kwa hiyo alizeti ndilo zao lisilofaa kabisa kupandwa kwenye ardhi iliyochafuliwa: hakuna mlinzi atakayeweza kulitenganisha gunia moja na lingine likishafika kwenye mashine ya kukamua. Miti ya miombo nayo, kama Peter Högberg alivyoonyesha alipochunguza mizizi ya miti ya Tanzania mwaka 1982, mingi huishi na kuvu. Baadhi ya kuvu wa miombo ndio uyoga unaouzwa barabarani mvua zinapoanza. Baada ya Chernobyl uyoga wa misitu ya Ulaya ulibeba sesiamu kwa miaka mingi. Kuvu anayemshikia mti urani ni rafiki, lakini uyoga wake lazima upimwe kabla ya kufika sahanini.

Ujuzi wa kushika udongo si mgeni Ruvuma. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa ngoro kwa zaidi ya karne: hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana, huzifukia kwa udongo, na vishimo vinavyobaki katikati hunasa mvua na mboji. Hakuna aliyezijaribu ngoro juu ya mabaki ya urani, wala sisemi zitatosha. Nasema wataalamu wa kufunga mgodi waende Mbinga kabla ya kuagiza nyavu za kuzuia mmomonyoko kutoka ng'ambo.

Kazi ya sasa ina wenyewe. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina jukumu la kupima mionzi, na kinachotakiwa ni vipimo vya udongo, maji, tumbaku, mahindi na uyoga vichukuliwe sasa, vibandikwe kwenye ofisi za vijiji kuanzia Likuyu Sekamaganga, ili miaka 20 ijayo kuwe na cha kulinganisha. Udongo wa juu utakaoondolewa kwenye shimo urundikwe kwa urefu mdogo na kupandwa nyasi mapema, maana ukirundikwa juu sana na kuachwa miaka, kuvu na bakteria wake hufa na mmea utakaopandwa juu yake hautashika. Mbegu za nyasi za eneo lenyewe zikusanywe na kitalu kianzishwe mwaka mmoja na mgodi. Dhamana ya fedha ya kurudisha mazingira ikokotolewe kwa gharama ya uangalizi wa miaka mingi baada ya kampuni kuondoka. Australia ilisimamisha uchenjuaji kwenye mgodi wa Ranger, uliozungukwa na Hifadhi ya Kakadu, Januari 2021, na gharama ya kuirudisha ardhi ile imeshapita dola bilioni mbili za nchi hiyo. Ranger ilikuwa na miaka 40 ya mapato ya kulipia. Namtumbo bado ina kiwanda cha majaribio tu, na huu ndio wakati ambao kuandika sharti la nyasi ndani ya mkataba hakugharimu chochote zaidi ya wino.